Matairi Makubwa ya Shyaka

Mzee Mutsinzi alipofariki aliwaachia wanawe wawili lori moja. Jovia, mkubwa, ndiye aliyeliendesha, maana baba alimfundisha udereva tangu familia iliporudi nchini kutoka Uganda. Shyaka, mdogo wake, ndiye aliyetafuta wateja. Mizigo yao mingi ilikuwa kreti za soda kutoka maghala ya Masoro kwenda maduka ya Rwezamenyo, na kwa miaka kadhaa mambo yalikwenda bila kelele.

Kelele ilianza na tumbo la lori. Kila lilipoingia vichochoroni lilikwaruza mawe, na Shyaka akachoka kulisikia. Siku moja akalirudisha nyumbani likiwa na matairi makubwa kuliko ya awali, limeinuka hata watoto wa jirani wakaja kulitazama.

"Dada, panda uone!" alisema.

Jovia alipanda. Aliona juu ya kuta za watu, akaona nguo zao kwenye kamba. Alipenda, wala hakuficha.

Wiki ile ile, akiteremka kilima na mzigo kamili, aliona bibi mmoja mwenye mwavuli akiingia kwenye mistari ya kuvukia. Akakanyaga breki mapema kama kawaida yake. Lori likapunguza mwendo, lakini kivivu, kama mtu anayeitwa na hataki kuja. Jovia akakandamiza pedali mpaka mgongo ukainuka kitini. Liliposimama, pua yake ilikuwa imepita mstari wa kwanza, na bibi alikuwa ameweka kiganja juu ya taa, utadhani ndiye aliyelisimamisha.

"Buhoro, binti yangu," alisema bibi. "Polepole." Kisha akavuka.

Jovia alifika Rwezamenyo kwa gia nzito, akashusha kreti, akalipeleka lori tupu kwa fundi Ndihokubwayo, mtu wa makamo aliyekulia Bujumbura na asiyependa maneno mengi.

"Pedali iko inazama?" fundi aliuliza.

"Haizami. Iko ngumu, lakini gari haisikii."

Ndihokubwayo alitazama mafuta ya breki, yalikuwa sawa. Akatoa upepo kwenye mabomba, na haukutoka wa maana. Akafungua ngoma za magurudumu yote akitafuta mafuta yaliyovuja, akapima unene wa vitambaa vya breki, akavikaza vikae karibu na ngoma. Wakajaribu barabarani. Nafuu kidogo, basi.

Waliporudi, fundi aliinama kando ya gurudumu, akasoma namba za ubavuni.

"Hii tairi ulifunga lini?"

"Shyaka alifunga. Wiki hii."

Akamwita Jovia kwenye geti la gereji, akamwambia alisukume kwa ukingo wa mwisho, huku yeye akilizuia karibu na bawaba. Jovia alilisukuma kwa mkono mmoja. Fundi, pamoja na misuli yake, akarudi nyuma.

"Breki yako iko hapa kwangu, katikati ya gurudumu," alisema. "Barabara iko hapo kwako, kwa mwisho. Tairi kubwa ni kama kurefusha geti: wewe unapata nguvu, mimi napoteza. Tena na mshale wa spidi unakudanganya. Ukiona arobaini, unakwenda zaidi."

"Kwa hiyo breki ni nzima?"

"Ni nzima. Ya matairi yale ya zamani."

Shyaka hakukubali. Alisema fundi ameshindwa kazi, na kwamba dada yake amezoea kuogopa. Jovia hakubishana. Aliazima kwa fundi magurudumu ya kimo cha zamani, akamwita mdogo wake kwenye uwanja mtupu nyuma ya ghala moja la Masoro, wakapakia kreti zile zile.

"Endesha wewe," alimwambia. "Nikishusha mkono, kanyaga breki."

Shyaka aliendesha kwa matairi makubwa. Jovia akaweka jiwe pale lori liliposimama. Wakabadilisha magurudumu, wakatoka jasho. Shyaka akarudia kwa mwendo ule ule, wakiupima kwa simu, si kwa mshale. Safari hii alisimama mbali kabla ya jiwe. Nafasi iliyobaki ingetosha kulaza lori jingine.

Alishuka, akaitembea nafasi ile mpaka kwenye jiwe na kurudi.

"Nani alikuwa mbele yako siku ile ulipokwenda kwa fundi?" aliuliza.

Hapo ndipo Jovia alipomweleza habari za bibi na kiganja chake. Hakuwa amemwambia; hakujua angeanzia wapi. Alipomaliza, Shyaka akaanza kuviringisha tairi moja kubwa kulielekea lori ili alipakie. Tairi lilikuwa zito, likamyumbisha, na Jovia akaenda kulishika upande wa pili.

Matairi makubwa yalirudi kwa muuzaji, aliyeyapokea akinung'unika, na mahali pake wakanunua ya kimo cha kiwandani. Shyaka hakuomba radhi kwa maneno. Asubuhi iliyofuata kulikuwa na mzigo wa kupeleka Kanombe na mvua ilikuwa ikinyesha. Alipanda kiti cha abiria bila kualikwa, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu baba afariki, akafunga mlango. Jovia akawasha lori, wakaenda.