Dominga Palma, Mwokaji Mikate wa Shonaghat

Alizaliwa mwaka 1821 huko Shonaghat, ukingoni mwa mto Meghna, nyuma ya soko la chumvi, ambako baba yake Anton alioka mikate ya mabaharia na makarani wa biashara ya nili, ile rangi ya buluu ya kutilia nguo. Alipofikisha miaka kumi na sita alitaka kuwa mtawa. Mwaka huohuo baba yake akapofuka. Padre akamwambia, “Binti yangu, Mungu hakuiti utoke. Anakuita ubaki.” Dominga hakulipenda neno hilo. Alilia juma zima, kisha akajifunga kitambaa kiunoni, akakanda unga.

Katika masika ya 1866 kipindupindu kiliingia na mashua za mpunga. Wenye maduka, wakiongozwa na Haradhan Saha, muuza chumvi, waliamua kwamba kila baharia mgonjwa apelekwe kwenye kisiwa cha mchanga katikati ya mto, wala mtu asivuke kumfuata. Waliogopa soko kufungwa na mji mzima kufa njaa. Dominga alisikia vilio vikivuka maji. Asubuhi ya tatu akateremka gatini na mitungi ya maji ya mchele yaliyochemshwa na kutiwa chumvi.

“Wewe mama, ukivuka leo, mkate wako hataula hata mbwa!” Haradhan alimfokea mbele ya watu.

“Basi nitaula mwenyewe, bwana Saha. Nipishe.”

Akapiga kasia peke yake. Kweli, hakuna aliyenunua mkate wake tena. Alivuka kila siku, mikono ikichubuka. Waliokufa aliwazika kwa desturi ya dini zao, asiyoijua aliiuliza. Wazee husimulia kwamba kuni zote mjini zililowa, lakini moto wa tanuri lake haukuzimika kwa siku kumi na tisa.

Siku ya kumi na tano Haradhan alikuja gatini na gunia la chumvi begani. Hakuomba radhi. Aliuliza tu, “Mama, kasia la pili liko wapi?”

Kati ya wagonjwa arobaini na watatu, thelathini na mmoja walirudi kwa miguu yao.

Dominga alifariki mwaka 1889, na maduka yote yakafungwa, ya Wahindu, ya Waislamu na ya Wakristo. Kanisa halijamtangaza mtakatifu, Shonaghat haikungoja. Kisiwa kile kimekwisha kumezwa na mto, kwa hiyo hakuna mahali pa kuhiji. Anayetaka kumheshimu na amtafute jirani mgonjwa anayeogopwa na wote, ampelekee kitu cha moto, akae naye.