Mzamiaji Niliyemwambia Asibane Pumzi

Nilipopelekwa Kilwa mara ya kwanza nilikuwa msichana wa miaka ishirini na sita, nimetoka masomoni ng'ambo na cheti cha uzamiaji. Nilikisomea kwenye bahari ya kijivu, yenye baridi ya kugonganisha meno, ambamo hata mkono wangu mwenyewe sikuuona. Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa. Ofisi yetu ya uvuvi ilitaka kujua kama wanakijiji wa Kilwa Kisiwani wangeweza kuvua kambakochi, wale kamba wakubwa wa mwambani, kwa pamoja, na sisi tukaambiwa tukatazame wenyewe huko chini.

Tulikuwa wawili. Mwenzangu alikuwa bwana wa makamo, naye ana cheti, mtu wa taratibu kweli kweli. Tulifika Kilwa Masoko na Landrova iliyojaa mitungi ya hewa, tukavuka kwa mashua. Mwenyekiti wa kijiji akatukabidhi kwa mtu atakayetuongoza: mzamiaji wa majongoo bahari, mwanamume wa miaka arobaini hivi, kifua kipana, kaptura imechanika, na mkononi ana miwani ya maji basi.

"Cheti chake kiko wapi?" mwenzangu aliniuliza, kwa sauti aliyodhani ni ya chini.

"Ndugu," yule mzamiaji akajibu bila kukasirika, "mimi nilifundishwa na baba yangu, naye hakuwa na kalamu. Ila watu wanaobeba hewa mgongoni sijawahi kuwaongoza. Niambieni mnavyozama, nami nitawaambia mnakozama."

Asubuhi yake tulitia nanga upande wa nje wa mwamba, maji ya pima sita, kama mita kumi na moja, meupe hivi kwamba kivuli cha mashua kilionekana kwenye mchanga chini. Mimi na mwenzangu tulijifunga mikanda ya vipande vya risasi, ya kutuzamisha, na kuvaa mapezi ya mpira, tukajiangusha kinyumenyume. Kiongozi wetu alikumbatia jiwe lililofungwa kamba, akatupita kama mzigo. Alitufikisha kwenye ufa wa mwamba, akanyoosha kidole, akapanda kuvuta pumzi. Tukachungulia. Ndani mlijaa kambakochi, ndevu zao ndefu zikitikisika zote pamoja. Alishuka tena akatuonyesha ufa wa pili, kisha wa tatu. Nilisahau kuhesabu. Nilikuwa nacheka na mpira wa hewa mdomoni, maji yakaingia kwenye miwani.

Nadhani ndiyo sababu sikugundua kitu. Tulikuwa tunaogelea bila kutumia nguvu, raha mustarehe, nikajiona bingwa. Ghafla mwenzangu akasimama: mzamiaji alikuwa amemkamata pezi, anaonyesha nyuma kwa mkono mzima. Tulipojaribu kugeuka ndipo tukauhisi mkondo. Tulirudi kwa kushikilia mawe, na kila tulipoinua macho tulimwona anashuka kuhakikisha tupo.

"Maji yaligeuka," alituambia tulipopanda mashuani. "Mngeendelea, cha mchana mngekula kisiwa kingine, Songosongo."

Mwenzangu alihema kwanza. Halafu akaanza kucheka, akacheka hadi akashika tumbo. Kisha yeye, mtu wa taratibu, akaniambia, "Mpe mtungi wangu. Hewa bado ipo. Mpeleke upande wa ndani wa mwamba, maji mafupi, umfundishe vizuri."

Nilimfundisha karibu saa nzima, kwanza tukiwa tumesimama maji ya kifuani. Alishika haraka. Nikamaliza kwa lile lililo kubwa. "Ukipanda, usibane pumzi hata kidogo. Itoe, taratibu, la sivyo hewa ya mtungi itatanuka ikupasue mapafu."

"Dada!" akasema. "Kubana pumzi ndiyo kazi yangu. Unanifukuza kazi?"

Tulishuka nimemshika mkono, pima moja na nusu tu. Mwanzoni alitulia kama kawaida yake, bila kupumua, na baada ya muda akataka kupanda. Nikamvuta, nikagusa kifua changu: pumua. Akapumua. Mapovu yakapanda, akayafuata kwa macho. Akapumua tena, akakaa chini mchangani, amekunja miguu kama yuko barazani kwake.

Hapo samaki walikuwa wamekimbia wote. Tukakaa. Kichwa kimoja cha manjano kikatokeza kwenye matumbawe, kikarudi ndani, kikatoka. Wakaja wengine, wa buluu, wenye milia, hadi wakawa wanatuzunguka magotini. Pweza akatoka pangoni pake, akatupa ganda nje, akarudi. Yule bwana hakutikisika. Nilipomwashiria kwamba muda umekwisha, alitikisa kichwa kukataa. Nilimwashiria mara tatu.

Alipanda akitoa hewa kama nilivyomwambia. Alivua miwani, akabaki ameinamia maji, mwenzangu akaanza kuogopa.

"Unaumwa?" akamuuliza.

"Hapana. Tangu nikiwa mtoto nawaona wakikimbia tu. Nikishuka wanakimbia, nami pumzi inakwisha. Sikujua kwamba ukikaa, wanarudi."

Mchana mkewe alitupikia pweza wa nazi na muhogo. Mumewe hakula. Alisimulia, mikono yake ikiwa samaki, na majirani wakajaa uani. Mama yake mzee, niliyemwamkia shikamoo tulipoingia, alisikiliza hadi mwisho, kisha akanigeukia mimi.

"Na mimi nikitaka?" akauliza. "Huo mtungi ni mzito sana?"

Uani kote watu wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. Alikuwa anangoja jibu, nami nikaanza kumweleza.