Machozi Kwenye Kipaza Sauti

Niliripoti kazini Embu nikiwa nimevaa suruali ya shule iliyoachiliwa pindo, kwa sababu sikuwa na nyingine. Ofisi ya habari ya mkoa ilikuwa nyumba ya mabati yenye rangi ya krimu, na nje yake palikuwa na Landrova ya serikali iliyobeba spika nne za pembe juu ya paa. Afisa wa Habari wa Mkoa, mtu mrefu aliyependa kuzungumza akiwa amesimama, alinitazama kutoka viatu hadi nywele.

"Umesoma mpaka wapi?"

"Kidato cha nne, bwana."

"Fizikia ulipita?"

"Nilipita."

"Basi gari yako ni ile. Kazi yako ni sauti, kijana. Maneno yana wenyewe. Mtu akisema ukweli, usikike. Akisema uongo, uongo wake usikike vizuri mpaka kwa yule aliyesimama nyuma kabisa. Umenielewa?"

Nilisema nimeelewa. Nilikuja kuyaelewa maneno hayo baada ya miaka mingi, na si yote.

Nyinyi mnaotumia spika zinazowashwa kwa simu hamwezi kujua tulivyohangaika. Tulikuwa na amplifaya, yaani kile kisanduku kinachoichukua sauti ndogo ya maiki na kuikuza, nayo ilikuwa nzito kama debe la mahindi. Ilikula umeme wa betri mbili za gari. Kama dereva alisahau kuzichaji, mkuu wa wilaya alibaki akipiga kelele kwa koo lake mwenyewe, na kesho yake mlikuwa na maelezo ya kutoa. Halafu kulikuwa na mluzi. Spika ikielekea maiki, sauti inatoka, inarudi kwenye maiki, inatoka tena, na kila mzunguko inaongezeka mpaka watu wanaziba masikio. Dawa yake ni kuweka spika mbele ya msemaji, zikitazama watu, naye awe nyuma ya spika hizo. Sehemu za juu za Meru kuna jambo jingine tena, upepo wa mlimani. Ukizifunga spika vibaya, waliokaa upande mmoja wanasikia kila neno na wengine wanasikia majani ya migomba tu.

Aliyenifundisha hayo alikuwa Fundi Mkuu wetu, Mzee Salim, mwenyeji wa mjini Meru ambaye babu zake walikuja na biashara wakakaa. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Kabla ya kila mkutano aliweka hedifoni masikioni na kusikiliza maiki tupu, akiwa amefumba macho. Siku moja alinipa nizivae wakati chifu anahutubia.

"Unasikia nini?"

"Hotuba."

"Acha hotuba. Chini yake."

Chini ya hotuba kulikuwa na pumzi. Kwa hedifoni unasikia mtu akimeza mate, unasikia meno ya bandia yakigongana, unasikia ulimi uliokauka. Wananchi wanapata sauti iliyokwisha kupikwa, lakini fundi yuko jikoni. Hivyo ndivyo nilivyoanza kujua ni nani anaogopa na ni nani amekunywa. Na ndivyo nilivyojiaminisha kwamba ninajua pia ni nani analia kweli. Mtu akizidiwa, pumzi huvunjika kwanza, maneno yanafuata. Anayejifanya huvunja maneno, lakini pumzi yake inaendelea taratibu kama ya mtu aliyelala.

Nilihamishiwa Meru, pamoja na Mzee Salim, chini ya Afisa wa Habari wa Wilaya, aliyekuwa mwalimu zamani na aliyetusahihishia Kiswahili hata tukiwa tunabadilisha gurudumu. Huko tulizunguka na mheshimiwa mmoja kutoka Nairobi, aliyekuja kuongea na wafanyabiashara wa miraa juu ya ajali za barabarani. Pikapu za miraa hukimbia alfajiri kama zinafukuzwa, na madereva vijana walikuwa wakifa. Pale mjini Maua, mheshimiwa alianza kueleza juu ya mama mmoja aliyepokea maiti ya mwanawe, na alipofika kwenye neno "blanketi" sauti ikakatika. Akavua miwani, akajifuta. Soko zima likanyamaza, na wanawake wengine wakaweka leso usoni.

Kesho yake, mkutano mwingine, alikatikia kwenye "blanketi". Mkutano wa tatu pia, "blanketi", miwani ikavuliwa. Pumzi yake kwenye hedifoni ilikuwa tulivu kabisa. Jioni tulipokuwa tunakunja waya nilicheka mbele ya Mzee Salim.

"Huyu mheshimiwa anatufanya watoto," nilisema. "Analia mahali palepale kila siku."

Mzee Salim aliendelea kuviringisha waya kwenye kiwiko chake. "Imamu wetu anasoma dua ileile kila siku, na mahali palepale sauti yake inatetemeka. Utasema hana imani?"

"Huyo ni imamu, mzee. Haombi kura."

"Sijasema ni kitu kimoja," alisema. "Nimekuuliza swali."

Hakuniuliza tena. Alistaafu kabla yangu, akafungua duka dogo la kutengeneza redio mjini Meru.

Serikali ilipopunguza wafanyakazi, nami nikatoka. Vyama vingi vilikuwa vimekuja, na mtu mwenye spika zake hakukosa kazi. Nilinunua vifaa vilivyokwisha kutumika, nikapanga chumba mjini Embu, nikawa nahudumia arusi, mikutano ya injili, mazishi na kampeni. Wanasiasa wa zamani walikuwa wakitumia vipaza sauti vya serikali na kusimama wima kama wanapigwa picha ya kitambulisho. Hawa wapya walikuja na wapangaji wa kampeni. Mpangaji alikuambia muziki uanze lini, mgombea aingilie upande gani, nani ampokee, na mtoto gani abebwe.

Hapo ndipo nilipopata kazi ya Mwalimu. Alikuwa mwalimu mkuu aliyestaafu upande wa Kiritiri, na watu hawakumwita jina lingine. Aligombea udiwani dhidi ya diwani aliyekuwa kitini. Mwalimu alikuwa mtu mpole, mkavu kidogo, anayezungumza kama anaandika ubaoni. Mpangaji wake alikuwa kijana wa mjini, Dickson, mwerevu na mchapakazi, aliyeamini kwamba Mwalimu angeshinda kama tu angeonekana ana moyo.

Wiki chache kabla ya kura, kijana mmoja aliyeitwa Nyaga alikufa akichimba mchanga. Kule Mbeere, ambako Kiritiri iko, mchanga ni kazi ya wengi. Wachimbaji hula ukingo wa mto mkavu kwa chini, na siku nyingine ukingo unashuka. Ulimshukia yeye. Mama yake, Ciarunji, alikuwa mjane, na Nyaga ndiye aliyekuwa amebaki naye nyumbani.

Mwalimu alijitolea kuleta vipaza sauti kwenye mazishi. Asubuhi hiyo tulikunywa chai hotelini Kiritiri, sisi watatu, na Dickson akaeleza mpango.

"Fundi, sikiza vizuri. Mwalimu akimaliza kutoa pole anashuka mpaka kwa mama. Wewe unampelekea mama hiyo maiki haina waya. Akianza kulia, unaongeza sauti. Mwalimu anapiga magoti hapo, anatoa hanchifu, analia naye. Tumefanya mazoezi jana. Mpiga picha atakuwa kushoto."

"Na mama asipolia?" niliuliza.

"Mama ya marehemu atakosa kulia?"

Mwalimu alikuwa akikoroga chai iliyokwisha kupoa. "Nyaga nilimfundisha darasa la sita," alisema. "Alikuwa anakaa dirishani. Nilikuwa nikimkemea kwa kuangalia nje."

Dickson alifikiri kidogo. "Hiyo ni nzuri. Useme hiyo pia."

Mwalimu aliacha kukoroga. Alisukuma kikombe, akaomba tuondoke.

Watu walikuwa wengi, wamekaa chini ya turubai na wengine juani. Diwani naye alikuja, na kwa kuwa ndiye aliyekuwa na cheo, msimamizi wa ratiba akampa nafasi kwanza. Nilivaa hedifoni. Diwani alianza kwa sauti ya chini, akamtaja Nyaga kama mwanawe mwenyewe, akaeleza jinsi alivyopata habari akiwa mezani na chakula kikamshinda. Akakatika. Akavua kofia, akaifunika usoni, mabega yakatikisika. Chini ya kilio hicho pumzi yake ilikuwa inakwenda na kurudi bila wasiwasi wowote. Wanawake walipiga ukemi. Alitembea mpaka kwa Ciarunji akamkumbatia, na yule mama, aliyekuwa amekaa kama gogo tangu asubuhi, alitetemeka kifuani pake.

Dickson alikuja nyuma yangu akaninong'oneza kwamba sasa lazima yetu iwe kubwa kuliko hiyo.

Mwalimu aliposimama alitoa pole kwa maneno machache sana. Habari ya dirisha hakuisema. Aliweka maiki yake kwenye stendi yake, akashuka. Mimi nilikuwa nimeshafika kwa Ciarunji na ile isiyo na waya, nimeinama.

Aliitazama. "Hiyo ni ya nini?"

Sauti yake ilitoka kwenye spika zote, ikasikika mpaka barabarani. Yeye mwenyewe alishtuka.

"Ya kusema, mama, ukitaka," nilimnong'oneza.

"Sitaki. Ondoa hiyo kitu."

Hayo pia watu wote waliyasikia. Nikaizima, nikarudi kwenye mitambo. Mwalimu alipiga magoti kama walivyopanga, lakini hanchifu haikutoka. Baada ya muda aliacha kupiga magoti, akakaa kabisa chini, kwenye vumbi, kando ya kiti cha yule mama, akiwa na suti yake nyeusi. Niliona midomo yake ikisema kitu. Niliona Ciarunji akimjibu. Basi. Mamia ya watu walikuwa wakitazama mgongo wa mtu aliyekaa chini.

Dickson alinijia akitembea haraka bila kukimbia. "Washa."

"Mama amekataa."

"Wewe umeajiriwa na nani?"

"Na Mwalimu. Akiniambia niwashe, nitawasha."

Mwalimu hakuinua kichwa. Mpiga picha alisubiri upande wa kushoto, mwishowe akashusha kamera. Nyuma yangu mzee mmoja alimwambia mwenzake kwa Kimbeere kwamba huyu mtu ana roho ya jiwe, amemfundisha kijana na hata chozi moja hana. Mwenzake alisema walimu wako hivyo. Kiongozi wa ibada alikohoa, akaendelea na sala, na Mwalimu akabaki hapohapo chini mpaka jeneza lilipobebwa.

Alishindwa, na alishindwa vibaya. Dickson alikuwa ameshaleta fundi mwingine kumalizia kampeni, na kwa kweli sikumlaumu, maana alikuwa anafanya kazi yake kama nami nilivyofanya yangu. Mwalimu alirudi kwenye shamba lake. Nilikutana naye mara moja tu, nje ya hospitali ya Embu, tukasalimiana, akaniuliza kama mitambo bado inafanya kazi. Habari ya Kiritiri haikutajwa. Nilibaki nikijiambia kwamba siku ile nilimwona mtu mmoja mwongo akilipwa na mtu mmoja mkweli akiadhibiwa, na kwa miaka mingi niliwasimulia watu hivyo.

Nilipoacha kazi kabisa niliuza mitambo kwa kanisa moja. Masikio yamechoka, hasa la kulia. Sasa nina mbuzi wachache, na mara kwa mara naenda Kiritiri siku ya soko. Huko ndiko nilikokuta mwanamke mzee akiuza ndengu, akanikazia macho mpaka nikasimama.

"Wewe ndiye wa maiki," alisema.

Nilimtambua. Nilimpa pole ya miaka yote hiyo, akaipokea. Akanipa kiti kidogo nikae. Tulizungumza juu ya mvua iliyokataa, kisha nikaona nisipouliza leo sitauliza tena.

"Mama, siku ile Mwalimu alikuambia nini?"

Aliendelea kupepeta ndengu kwenye ungo. "Alisema amekuja kulia, na machozi imekataa. Alisema, mama, nilipanga kulia hapa mbele ya watu, sasa nimefika nimeshindwa, nisamehe. Nikamwambia akae tu. Ningemwambia nini? Nikaona ata yeye amekufa mdomo. Nikaambia wasichana wamletee maji."

"Kwa hivyo ulimpigia kura."

"Hapana," alisema. "Nilipigia diwani."

Nadhani uso wangu ulionyesha jambo, kwa sababu aliweka ungo chini.

"Mama, yule alikuwa anajifanya. Mimi nilikuwa nasikia pumzi yake."

"Ata mimi nilijua. Nani hakujua? Huyo alikuwa analia kila matanga." Alipangusa mikono kwenye leso. "Lakini sikiza. Nilikuwa nimelia mpaka nikaisha. Watu wote wamekaa wananiangalia, wanangoja nilie, na mimi sina. Huyo diwani akaja akanililia. Akanishika, nikapata tena. Mwalimu alikuwa mtu mzuri, lakini alikuja kwangu akiwa maskini kama mimi."

Alinipimia ndengu, akaongeza konzi moja juu, akageukia mteja mwingine.

Nilirudi Embu. Mjukuu wangu wa kike, anayesoma chuo kikuu hapo mjini, alikuwa amekuja kututembelea. Usiku ule, wakati wa habari za kampeni, alinisogezea simu. Kulikuwa na mgombea fulani, suti safi, anashika mkono wa mama mmoja aliyebomolewa nyumba na mafuriko, na mgombea mwenyewe analia.

"Guka, wewe ulifanya hii kazi. Huyu analia kweli?"

Niliweka simu sikioni, kwa mazoea. Pumzi sikuisikia, simu hizi husafisha kila kitu. Nikamrudishia.

"Mimi usiniulize," nilimwambia. "Tafuta huyo mama, umuulize yeye."