Jina Lililofumuliwa

Kufikia saa tano ya asubuhi ile ya Sikukuu ya Shukrani, mwezi wa Novemba, bata mzinga alikuwa ameanza kupata wekundu katika joko, viazi vilikuwa vimekwisha kumenywa, na Verna Tollefson alikuwa bado hajatandika kitambaa cha meza.

Nyumbani mwake kitambaa ndicho kilichotangulia vyote. Mama yake alikianzisha Verna akiwa na umri wa miaka kumi na mitatu. Kila aliyekula sikukuu mezani pale aliandika jina lake kwa penseli, kwa mwandiko wake mwenyewe, ukingoni mahali sahani yake ilipokaa. Halafu majira ya baridi mama aliufuata mwandiko ule kwa sindano na uzi mwekundu. Tangu hapo mtu hakuuliza akae wapi: alikaa penye jina lake. Macho ya mama yalipofifia, sindano ilimwangukia Verna, aliyekuwa fundi wa nguo za maharusi.

Mama alifariki miaka saba iliyopita, mwezi wa Januari. Ardis, mdogo wake Verna, aliyekuwa akiishi jimbo la Dakota, maili mia mbili kutoka hapo, hakuja kuzika. Alipiga simu, akasema theluji imefunga barabara. Verna alimjibu kuwa theluji haimfungii njia mtu anayetaka kuja, akakata simu. Jioni ileile alichukua mkasi mdogo, akazifumua moja moja herufi tano ambazo Ardis aliziandika akiwa na miaka tisa.

Wiki iliyofuata kaka yao, Orlin, akataja katika mazungumzo tu kwamba polisi walikuwa wameweka kizuizi kwenye barabara ile kwa siku tatu. Verna hakupiga simu. Hasira hupoa, bali aibu huota mizizi. Mara tatu alitunga uzi ili alirudishe jina lile, na mara tatu akauchomoa. Penseli ilikuwa imekwisha kufutika katika kufua, na kumwandikia mtu jina lake ni kughushi. Tangu hapo Ardis alituma kadi tu kila Novemba. Mwaka huu kadi ilikuwa na maneno machache: “Nakuja. Niwekee nafasi yangu.”

“Mama, wageni hao wanashuka garini, na meza iko uchi!” mwanawe, Lowell, alimwita.

Verna alikitandika. Penye matundu ya sindano aliweka bakuli kubwa la beri nyekundu, akalisogeza hata likakaa barabara.

Ardis aliingia na pai la boga mikononi, amekonda, nywele nyeupe pe.

“Dada, bado unanuka vitunguu.”

“Na wewe bado unachelewa,” Verna alitania, na papo hapo akatamani aumeze ulimi wake.

“Haya, kila ng'ombe na zizi lake!” alisema Orlin, akivuta kiti.

Ardis aliizunguka meza polepole, kidole chake kikipita juu ya majina. Alipofika baina ya jina la Orlin na la marehemu mama alisimama, akaliinua bakuli. Palikuwa peupe, pana matundu madogo yaliyojipanga kama nyayo za ndege.

“Uzi ulikatika kwenye kufua,” alisema Verna.

“Mashine gani hiyo inayochagua ndugu?” Orlin alicheka. “Langu nimelimwagia mchuzi miaka sitini, halijatoka hata nukta!”

Alicheka peke yake. Ardis aliketi palepale.

Ilikuwa desturi kwamba kabla ya kisu kumgusa ndege, kila mmoja aweke kiganja juu ya jina lake na kutaja anachoshukuru. Lowell alishukuru kwa kupata kazi. Orlin alishukuru kwa nyonga mpya aliyowekewa hospitalini. Ardis aliweka kiganja juu ya matundu.

“Nashukuru nimefika.”

Ikawa zamu ya Verna. Alikuwa ameandaa maneno mazuri juu ya afya. Kiganja chake kilipoligusa jina lake, ambalo halikupungua hata shono moja, uso ulimwaka kama aliyeinamia joko.

“Nimesema uongo,” alisema. “Uzi haukukatika. Niliufumua mimi, kwa mkasi.”

Mchuzi ulianza kuganda juu. Ardis hakuinua macho.

“Siku ya ile simu?”

“Jioni yake.”

“Na ulijua lini kuwa barabara ilifungwa kweli?”

“Wiki iliyofuata.”

“Wiki,” alisema Ardis. “Miaka saba, dada! Mimi nilikaa garini mbele ya kile kizuizi saa sita nzima, nimevaa nguo za msiba, nawabembeleza wale polisi.”

Verna hakuwa amelijua hilo.

“Orlin, kata huyo ndege,” alisema Ardis. “Yeye hajamkosea mtu.”

Wakala. Ardis aliomba chumvi, akapewa. Zaidi ya hapo hakumwomba dada yake kitu. Vyombo vilipoondolewa, Verna alitoa mfukoni mwa aproni penseli aliyoichonga tangu asubuhi. Ardis aliitazama, asiipokee. Alikikung'uta kitambaa, akakikunja mara nne, akakitia katika mkoba wake.

“Nitaandika mwenyewe, na nitashona mwenyewe. Ukikitaka, njoo ukichukue.”

“Lini?”

“Januari.”

“Januari kuna theluji, Ardis.”

“Theluji haimfungii njia mtu anayetaka kuja. Nani alisema?”

Verna aliinamisha kichwa. Ardis akavaa koti, akaondoka na Orlin, kwani usiku ule alikuwa alale kwake. Meza ilibaki mbao tupu, yenye alama za sufuria za moto ambazo kitambaa kilikuwa kikizisitiri miaka yote. Verna alizipitishia kiganja.

“Lowell,” alisema, “zile tairi za theluji za baba yako bado ziko bandani?”

“Mama, una miaka sabini na tisa!”

“Sikukuuliza umri wangu. Nimekuuliza tairi.”