Ngome Aliyoijua kwa Ndani

Kaka yangu alirudi Kilosa baada ya miaka mingi ya kufanya kazi Omani, akiwa na begi moja la mgongoni na habari za ngome. Tulitegemea aje walau na blanketi zito la mama. Miaka ya mwisho simu yake ilikuwa haipatikani kabisa, na mama alifika mahali pa kumwombea dua bila kujua kama anamwombea mzima au marehemu.

Mimi nina mgahawa Mikumi, kando ya barabara kuu, na kila Ijumaa hurudi nyumbani Mabwerebwere, hapo Kilosa. Ijumaa ile ya kwanza nilimkuta uani, anamweleza mama jinsi lango la ngome lilivyojengwa.

"Ukiingia huoni mbele," alisema. "Njia inapinda kushoto, halafu kulia, kuta zimekubana. Adui akija na farasi lazima apunguze mwendo. Juu ya mlango wa pili kuna tundu. Walikuwa wanachemsha asali ya tende, wanammwagia kichwani."

"Asali?" mama alishangaa. "Si hasara hiyo?"

"Walikuwa nayo nyingi, mama. Kulikuwa na ghala, sakafu yake ina mifereji. Magunia ya tende yakipangwa, yanajikamua yenyewe kwa uzito."

Ngome ilikuwa juu ya kilima cha mawe, ya udongo na mawe, na ilisimama pale kabla Mreno hajafika pwani yetu. Ndani mlikuwa na msikiti mdogo na kisima kilichochimbwa kwenye mwamba, ili watu wakizingirwa wasife kiu. Kila mtawala aliongeza mnara wake, kwa hiyo hakuna ukuta uliolingana na mwenzake. Kaka alikuwa fundi lipu kwenye ukarabati wake. Wakubwa wa mambo ya kale wa kule hawakutaka simenti ya kiwandani. Udongo ulichomwa, ukatwangwa, ukachanganywa na chokaa, na wenyewe waliuita saruji. Neno hilo sisi tunalo tangu zamani, ila hatukujua kwamba kwao ni udongo wa kuchoma.

Majirani walizipenda hizo habari. Mimi zilinitia wasiwasi, hasa alipofika kwenye chumba cha wafungwa kilichokuwa chini ya mnara. Alijua mwanga unaingia wakati gani na unaishia wapi ukutani. Alijua sauti ya komeo. Nikajiambia, fundi lipu anajua ukuta. Anayejua komeo linavyolia ukiwa ndani ni mfungwa.

Tena alikuwa halali mpaka mlango wa chumba chake uachwe wazi, hata mvua inyeshe.

Mjomba, kaka yake mama, alinivuta pembeni. "Huyo alifungwa. Muda wote ule bila simu, unadhani alikuwa anapiga lipu?"

"Alifungwa kwa kosa gani, mjomba?"

"Hapo ndipo pa kuogopa."

Siku hiyohiyo nililifunga sanduku la mama lenye hereni zake, nikaondoka na ufunguo. Niliporudi wiki iliyofuata, kaka alikuwa anachoma udongo nyuma ya nyumba. Mafuriko ya mto Mkondoa yalikuwa yameangusha ukuta wa jiko, naye alisema ataujenga upya kwa saruji ya kule. Moshi ulienea mpaka mwenyekiti wa mtaa akaja kuuliza tunachoma nini. Kaka alimweleza vizuri tu. Mwenyekiti aliitikia kwa kichwa, lakini alizunguka tanuri mara mbili kabla ya kuaga.

Huko Mikumi nina mteja, dereva wa lori la Tunduma, aliyewahi kuendesha magari Omani. Nilimuuliza kuhusu ngome ile.

"Naijua. Siku hizi ni makumbusho. Watoto wa shule wanapelekwa kutembea."

"Na gereza lake?"

"Lilishaachwa tangu enzi za mababu. Hakuna mtu anayewekwa mle."

Jibu lile lilinizidishia mashaka. Kama hakufungwa mle, basi alifungwa kwingine, na habari za ngome ni za kufunikia.

Ijumaa iliyofuata nilimkuta anapiga lipu jiko. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba bila kugeuka.

"Kaka, ulifungwa?"

Aliendelea kusawazisha ukuta, kisha akauweka chini mwiko wake.

"Nilifungiwa," alisema.

Ilikuwa jioni ya kuamkia Idi. Yeye alikuwa anamalizia kona ya chumba kile, wenzake wakaondoka wakidhani ametangulia. Aliyekuwa wa mwisho alivuta mlango, akatia komeo. Kaka alikaa mle sikukuu nzima.

"Hukupiga kelele?"

"Zile kuta zilijengwa ili mtu asisikike."

"Ulikunywa nini?"

"Maji ya ndoo, ya kuchanganyia udongo. Mlinzi alipokuja kufungua, msimamizi alicheka, akaniambia nimalizie kona yangu. Nilishindwa kuingia. Nikatoroka kazi. Ukitoroka kazi kule huna karatasi, na asiye na karatasi hapigi simu ovyo. Nimelala mashambani, chini ya mitende, mpaka nilipopata njia ya kurudi. Sasa ningewaambia nini? Kwamba nilishindwa na chumba?"

Nilimwangalia usoni nikitafuta mahali pa kumkamata. Sikupaona, na hilo nalo likanisumbua. Mama alikuwa mlangoni, amesikia yote.

"Mwanangu hakuwahi kuogopa giza," aliniambia. "Tangu arudi halali mlango ukifungwa. Wewe unataka ushahidi gani? Nipe ufunguo wangu."

Nikampa. Mjomba alipoelezwa alitabasamu tu. "Habari nzuri hiyo. Imepigwa lipu vizuri."

Ukuta wa jiko ulikauka, ukawa mgumu, na watu wakaanza kumwita kaka kwenye majumba yao. Siku hizi anafanya kazi na mafundi wa Kilosa. Juzi walipata kazi ya kujengea shimo la choo huko Munisagara, akakataa katakata kushuka. Wenzake wanasema Omani imemtia majivuno. Mimi nilikuwepo wakisema hivyo, na kwa kuwa mwenyewe hakutaka kujieleza, nami nilinyamaza.