Sura Halisi ya Mama Mkwe

Tangazo lililobandikwa kwenye mlango wa ofisi ya vitambulisho halina utani. Linasema kwamba hakuna mtu anayeijua sura ya mwombaji kuliko mwombaji mwenyewe. Kwa hiyo kila mwombaji ataitazama picha yake kwa macho yake mawili, na akiridhika kwamba ni yeye, ataweka sahihi nyuma yake. Picha isiyo na sahihi hiyo haitapokelewa. Chini kuna muhuri wa karani mkuu, ambaye alilitunga tangazo hilo peke yake na kulisoma kwa sauti mara kadhaa kabla ya kulibandika.

Ukilisoma haraka, huoni kasoro. Tatizo ni kwamba uso ndicho kitu ambacho mwenyewe hajawahi kukiona. Mikono yake anaiona, tumbo lake analiona hata pale asipotaka, lakini habari za uso wake huletewa na kioo, na kioo kina tabia zake. Wahenga walisema waliyoyasema kuhusu nyani na sehemu yake asiyoiona. Uso wa nyani hawakuugusia, labda kwa heshima.

Mtu wa kwanza kuumizwa na tangazo hilo alikuwa mpiga picha aitwaye Usicheke. Jina alipewa na wateja, kwa sababu serikali haipendi watu wanaotabasamu kwenye vitambulisho, na hilo ndilo neno alilolisema kutwa nzima. Studio yake ni chumba kimoja kilichobanwa kati ya fundi wa funguo na saluni. Ndani mna stuli, pazia jeupe, kioo kirefu chenye ufa, kitana kilichofungwa kwa kamba ili kisiote miguu, na koti moja jeusi lililochanwa mgongoni ili liwaenee wanene na wembamba. Ukimtazama mteja kwa mbele, ni waziri; kwa nyuma, ni mtu wa fulana aliyebanwa na vibanio vya nguo. Nusu ya mji imo kwenye kumbukumbu za serikali ikiwa imevaa koti hilo, na serikali haijawahi kuuliza.

Miaka yote hiyo alifanya kazi bila ugomvi. Watu walizitazama picha zao, wakaguna, wakasema "haya, basi tu," wakaenda zao. Sasa walitakiwa kukubali kwa maandishi. Na hapo ndipo mama mkwe wake alipokuja kubadilisha kitambulisho.

Alisema atakaa siku mbili tatu. Kwa heshima ya mkwe akapewa kitanda, binti yake akalala naye, na Usicheke akahamia kwenye kochi lililomtosha kuanzia kichwani mpaka magotini. Ili ziara iishe, kilihitajika kitu kimoja tu: picha ambayo mama angeikubali.

"Huyu ni nani?" aliuliza alipoonyeshwa ya kwanza.

"Ni wewe, mama."

"Mimi?" Akaisogeza karibu, akaisogeza mbali. "Mwanangu, nimekaa mimi kwenye stuli, halafu wewe ukampiga mdogo wangu."

Mdogo wake huyo na yeye walikuwa hawasalimiani kwa sababu ya sufuria moja yenye historia ndefu.

"Mama mdogo yuko mbali huko, mama."

"Ndiyo maana nashangaa."

Kwenye picha ya pili mdomo ulikuwa umepinda. Kwenye ya tatu jicho moja lilikuwa "linamtazama mtu kama limeibiwa." Binti aliitwa kutoa ushahidi, akazishika picha zote, akasema, "Mama, mbona ndivyo ulivyo?" Ilikuwa kauli ya kweli kabisa, na kwa ajili yake hakusemeshwa mpaka kesho yake.

Usicheke hakuweza kubishana. Mtu hamwambii mama mkwe kwamba mdomo wake umepinda, hata akiwa na ushahidi wa rangi. Alipiga tu picha nyingine, na nyingine, na baada ya wiki kadhaa za kochi shingo yake ikaanza kutazama kushoto yenyewe. "Tazama mbele," aliwaambia wateja, huku yeye akimtazama fundi wa funguo.

Siku shingo ilipogoma kabisa, alibonyeza kitufe kisichohusika kwenye kompyuta, na picha ya mama ikatoka imegeuzwa, kulia kukawa kushoto. Akanyoosha mkono aichane. Mama akamnyang'anya.

"Hapo sasa! Huyu ndiye mimi! Kumbe ulikuwa unaweza, ulikuwa unanificha nini?"

Akaisaini kabla wino wa mashine haujakauka.

"Mbona mama amepinda?" mkewe aliuliza alipoiona.

"Nyamaza," alisema Usicheke. "Amesaini."

Baadaye alisimama mbele ya kioo chenye ufa, picha mbili mkononi, akaelewa. Maisha yake yote mama alikuwa akichana nywele pamoja na mwanamke wa kwenye kioo, ambaye kulia kwake ni kushoto. Huyo ndiye aliyemjua na kumpenda. Yule mwingine, anayeonwa na dunia nzima, mama hakuwahi kukutana naye. Usicheke akajijaribu mwenyewe. Picha iliyogeuzwa ilimwonyesha kijana mtanashati. Isiyogeuzwa ilimfanya aelewe kwa nini mkewe alichukua muda mrefu kukubali posa.

Wakaenda ofisini pamoja. Karani mkuu alipokea picha dirishani, akamtazama mama, akaitazama picha, akamtazama mama tena.

"Mama, una kidoa cheusi shavu la kulia. Kwenye picha kiko la kushoto."

"Mwanangu, mimi na kidoa hiki tulizaliwa siku moja. Utanifundisha kinapokaa?"

"Mwenye macho haambiwi tazama, mama."

"Basi tazama." Akampa mgongo, akatoa kioo kwenye mkoba, akakiinua juu ya bega. "Nione humo. Ni mimi, si mimi?"

Karani aliinama, akatazama kioo, kisha picha. Ni yeye. Mama akageuka. Si yeye. Akageuka tena. Ni yeye.

"Kioo ni wewe," karani alisema polepole, kama mtu anayekanyaga utelezi. "Lakini wewe si wewe."

"Hebu mwacheni mama wa watu!" mtu akapaza sauti kwenye foleni. "Kwani anaomba kitambulisho cha kupandia ndege?"

"Na wewe," mama akasema, kidole kikielekea kadi iliyoning'inia shingoni mwa karani, "hiyo picha ni ya nani? Ya kaka yako mgonjwa?"

Foleni ikaangua kicheko. Karani akaifunika kadi kwa mkono. Picha ile ilikuwa ikimkera tangu siku aliyoajiriwa. Alikuwa akiivaa imegeuka nyuma kila alipoweza. Akaomba kioo. Akajitazama, akatazama kadi, akajitazama, akapapasa kovu dogo juu ya nyusi. Kisha akainamia dirisha, akamwita Usicheke kwa sauti ya chini.

"Ndugu yangu. Na hii inageuzika?"

"Inageuzika, mkubwa."

"Mwenyewe amesaini, ameridhika," karani akatangaza kwa sauti ya kiofisi. "Tangazo liko wazi." Akapiga muhuri.

Mama mkwe aliondoka kesho yake. Usicheke alimbebea mizigo mpaka kituoni kwa furaha ambayo mama aliichukulia kuwa ni mapenzi, naye mama akaahidi kurudi. Mpiga picha alirudi nyumbani mbio na kulala kitandani mchana kweupe, miguu yote miwili ikiwa juu ya godoro.

Jumatatu karani mkuu alikuja kazini na kadi mpya shingoni, nyuma yake ameweka sahihi kwamba ni yeye. Mlinzi wa getini, ambaye alikuwa mgeni, aliitazama picha, akalitazama kovu, akamwomba asimame kando kidogo. Aliruhusiwa kuingia baada ya mfagizi kutoka nje kuja kumtambua.