Ugonjwa Niliotumwa na Baba

Umewahi kupanga foleni ya wagonjwa kwa ugonjwa usiokuwa nao?

Mimi nimewahi. Nilikuwa mzima kabisa, jana yake nilitoka kucheza mpira. Asubuhi hiyo nikakaa kwenye benchi la zahanati ya chuo, narudia kimoyomoyo dalili nilizofundishwa kwa simu.

Aliyenituma ni baba.

Ngoja nianze mwanzo, msije mkadhani kwetu tuna wazimu.

Baba yangu alikuwa kinyozi. Kibanda chake kilikuwa na kiti kimoja cha kuzunguka, kioo chenye ufa pembeni na redio isiyozimwa. Wateja walimwita Mzee Laini kwa sababu ya mkono wake. Mtoto angeweza kupitiwa na usingizi huku ananyolewa. Mimi waliniita Profesa tangu nikiwa darasa la nne. Walikuwa wananitania tu, mpaka siku nilipochaguliwa chuo. Siku hiyo utani uliisha na baba alinyoa watu bure mpaka jioni.

Wakati naondoka hakuniambia nisome kwa bidii. Aliniuliza, "Hivi ni kweli huko mna daktari wenu wenyewe?"

"Ndiyo, baba. Kila mwanafunzi anapewa kadi ya bima."

"Na anakusikiliza? Au ni wale wa kuandika huku hajakutazama?"

"Sijui, baba. Si bado sijafika?"

Akatikisa kichwa taratibu, kama kuna hesabu anaipiga.

Wiki ya kwanza tu, simu zikaanza.

"Umekwenda kwa daktari?"

"Baba, siumwi."

"Nani kakuuliza kama unaumwa? Nimekuuliza kama umekwenda."

Wenzangu wakipigiwa na wazazi wanaulizwa kama wamekula. Mimi naulizwa daktari. Mwenzangu wa chumba, jamaa mrefu tuliyemwita Nguzo, alikuwa anacheka mpaka anashika mbavu.

"Leo unaumwa nini?" ananiuliza asubuhi.

"Sijui bado. Baba hajapiga."

Jioni moja baba akaja na jipya.

"Sikiliza. Ukoo wetu una kifua. Babu yako alikuwa nacho. Nenda kamwambie daktari kwamba ukipanda ngazi kifua kinabana, kama mtu amekukalia. Mkono wa kushoto unakuwa mzito, kuuinua shida. Halafu jasho linakutoka, tena la baridi."

"Lakini mimi sina hayo."

"Sema unayo. Ukienda hivi hivi atakupa vidonge vya maumivu akurudishe. Tia chumvi kidogo akupime vizuri, tujue moja."

Msinishangae. Kwetu hilo ni jambo la kawaida. Mtu akienda hospitali na ugonjwa mmoja anaongeza wa pili, ili wa kwanza usikilizwe. Mama akiumwa kichwa husema na macho hayaoni. Nikajua mzee ana hofu ya mtoto kuwa mbali, nikaamua niende nimalize kelele.

Kumbe kwenda tu ni kazi. Siku ya kwanza dada wa mapokezi aliniambia kadi yangu haijaingia kwenye mfumo. Kesho yake mfumo wenyewe haukuwepo. Nikarudi tena, nikakuta kwenye kompyuta mimi ni msichana wa ualimu, picha na kila kitu.

"Huyu ni wewe?" aliuliza yule dada, uso mkavu.

"Dada yangu, niangalie vizuri."

Nilimsimulia baba nikitegemea atacheka. Hakucheka.

"Waambie ni haraka," alisema.

"Haraka gani na mimi siumwi?"

"Waambie tu, mwanangu."

Mwishowe nikamwona daktari. Alikuwa mama wa makamo, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba. Nilimwaga somo langu lote: ngazi, kifua, jasho. Nilipofika kwenye mkono wa kushoto aliacha kuandika.

"Vua shati ulale hapo," alisema.

Akanibandika nyaya kifuani na miguuni, mashine ikatoa karatasi yenye mistari. Aliitazama, akanisikiliza mgongo, akanipima presha mara mbili. Nilianza kuona aibu. Mama wa watu alikuwa anahangaika kweli.

"Moyo wako hauna kitu," alisema. "Mwaka wa kwanza?"

"Ndiyo."

Akatabasamu. "Basi ni wasiwasi. Nawaona wengi. Mmetoka nyumbani, masomo mageni, usingizi hakuna. Kunywa maji ya kutosha, lala mapema, punguza kahawa. Kitapita chenyewe."

Nilimpigia baba nikiwa bado mlangoni.

"Kasemaje?"

"Kasema ni wasiwasi tu. Moyo mzima."

"Hata ule mkono ulimwambia?"

"Nilimwambia. Kasema ninywe maji, nilale mapema, nipunguze kahawa."

Akaanza kucheka, kicheko kirefu ambacho sikuwa nimekisikia muda mrefu. Nilisikia na wateja wakicheka nyuma yake, hawajui hata kinachochekesha.

"Basi tumepona," alisema. "Mungu mkubwa."

Tangu hapo simu zikabadilika. "Unakunywa maji?" ndiyo ikawa salamu.

"Nakunywa, baba."

"Na mimi nakunywa. Kahawa nimeacha kabisa. Tuone nani atashindwa."

Nilipenda ule mchezo, siwezi kuficha. Nilikuwa najaza chupa yangu bombani huku najisikia napendwa.

Mitihani ilipokaribia, mama akapiga. Mama hapigi simu. Kwa kawaida hupiga baba, halafu yeye anapokezwa. Aliniita Profesa. Hakuwahi kuniita hivyo. Akasema, "Njoo nyumbani."

Baba alianguka mchana kibandani, mashine ya kunyolea iko mkononi, bado inanguruma. Aliyekuwa kwenye kiti ni seremala wa jirani, kanyolewa upande mmoja tu. Alikuja mazishini hivyo hivyo, upande nywele, upande ngozi. Watu walimshauri akamaliziwe kwa kinyozi mwingine, akakataa. Nilimwona amesimama karibu na kaburi, kofia mkononi, na hapo ndipo nilipolia kwa mara ya kwanza.

Baada ya watu kutawanyika, mimi na mama tukaenda kutoa vitu kibandani. Kando ya kiti kulikuwa na stuli ndefu nisiyoijua.

"Hii ya nani?"

"Ya baba yako. Alikuwa ananyoa amekaa."

"Tangu lini?"

"Tangu hujaenda chuo. Ukija alikuwa anaisukuma nyuma ya pazia."

Chini ya kioo kulikuwa na jagi la maji, limefunikwa na kisahani. Lilikuwa nusu.

"Mama, kwa nini hakwenda hospitali?"

Mama alinigeukia, na kwa kweli alikuwa anashangaa. "Kwani si wewe ulimuulizia?"

"Nilimuulizia nini?"

"Kifua chake. Na mkono. Alisema wewe ndiye utakayemweleza daktari wa chuo, yule anayesikiliza watu. Jibu lilipokuja alicheka siku nzima. Nikamwambia twende hata hapa jirani, akanijibu, 'Mama Profesa, daktari wa chuo kasema ni wasiwasi, wewe unajua kumzidi?' Ndiyo akaanza na maji yake."

Nilikaa kwenye kile kiti cha kuzunguka.

"Kwa nini hakuniambia kuwa ni yeye?"

"Ungerudi. Anakujua. Ungeacha chuo uje ushike hiyo mashine."

Ningerudi kweli, hata mtihani nisingesubiri. Nilimkasirikia baba siku ile, nikamkasirikia mtu aliyekufa, nikapiga kiti ngumi mpaka mama akanishika mikono. Hasira ilipoisha hakikubaki kitu cha kushika. Kilibaki kicheko chake cha kwenye simu, na mpaka leo ndicho kinachoniumiza kuliko kaburi.

Niliporudi chuoni nilikwenda zahanati. Safari hii kadi ilisoma mara moja, na mimi nikawa mimi.

Daktari alinikumbuka. "Kifua kinaendeleaje?"

"Daktari, hakikuwa changu."

Nikamweleza yote. Alivua miwani, ikaning'inia.

"Alikuwa na umri gani?"

"Hamsini na sita."

Niliona anatafuta neno laini na halipati.

"Angekaa yeye hapo akaniambia maneno yale yale," alisema, "nisingemwacha atoke humu kwa miguu yake. Ningeita gari."

"Kwa hiyo alijieleza vizuri?"

"Alijieleza vizuri sana, mwanangu. Alikosekana mwenyewe tu."

Sikumlaumu na simlaumu. Alipima moyo aliopelekewa.

Naandika haya kwa ajili yako uliyepokea kadi ya chuo juzi, na pengine wewe ndiye wa kwanza kwenu kuwa na daktari. Leo piga simu nyumbani. Usiulize kama ni wazima, maana watakwambia wazima. Uliza mzee anapanda ngazi vipi. Uliza siku hizi anafanya kazi amesimama au amekaa.

Na mzazi akikutuma ugonjwa, usiupeleke. Mpeleke mwenye nao.